Furaha sikuipeleka hospitali

Fundi cherehani akikwambia "njoo kesho", unajua mwenyewe kwamba hiyo kesho haimo kwenye kalenda. Mimi ni fundi, nashona Mwanjelwa, hapa Mbeya, tangu nina miaka 19, na sikatai. Lakini uongo wetu huo wa kazini ndio ulionificha miaka yote, mimi na ugonjwa wangu wa baipola, ule wa akili kushuka kwenye kiza na kupanda juu kupita kiasi. Mteja akija akakuta kitambaa chake kiko vilevile alivyokiacha, husema "mafundi ndivyo walivyo" na kuondoka na hasira zake. Hata mmoja hakuwahi kufikiri kwamba nguo haijaguswa kwa sababu fundi amekaa mbele ya cherehani tangu saa tatu asubuhi na ameshindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye sindano, maana watu wakisikia sonona, yaani huo upande wa kiza, wanadhani ni kulia. Mimi sikuwa nalia. Uzi ninao mkononi, tundu naliona, miwani nimevaa. Nalowesha ncha ya uzi kwa mate, nainyoosha, nausogeza mkono hadi karibu na sindano. Halafu mkono unasimama. Hautetemeki wala hauumi. Umesimama tu kama mtu aliyetumwa dukani akasahau ametumwa nini. Nje bajaji zinapiga honi, jirani muuza mitumba anaita wateja, na mimi nimeshika uzi. Siku moja niliangalia saa nikaona dakika arobaini zimepita. Nikafunga fremu, nikapanda gari la Uyole, nikaingia kitandani na koti langu.

Ilikuwa Juni, na Uyole Juni ina baridi ya kukuonea kabisa, kwa hiyo kitandani na koti si ajabu. Hicho nacho kilinificha. Mume wangu alidhani ni baridi. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akanitazama, akasema nina malaria iliyojificha. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakasema taifodi, nikamaliza dozi. Wakasema vidonda vya tumbo. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kukosa jibu, alisema nimerogwa na mafundi wenzangu kwa wivu. Wivu wa nini sijui, wakati huo nilikuwa na cherehani moja ya miguu na pasi ya mkaa.

Hiyo ilikuwa 2012, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili. Ikaja, ikaondoka yenyewe. Ikarudi 2016. Ya tatu ilianza Oktoba 2018 na ikaninyima msimu wote wa sare za shule. Kwa asiyejua biashara yetu, Desemba na Januari ndiyo mavuno ya fundi. Mafundi wengine wanalala dukani, mimi sikushona hata kaptula moja. Ada ya mwanangu ililipwa na dada yangu mkubwa.

Februari 2019 dada huyohuyo ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hospitali. Sitaitaja, na ukweli ni kwamba sina ugomvi nao. Daktari aliniuliza vizuri kuliko nilivyozoea: silali vizuri tangu lini, nakula, napenda kitu chochote, nawaza kufa? Nikamjibu yote. Akaniambia ni sonona, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akaniandikia amitriptilini, dawa ya sonona. Nilitoka pale nimeshukuru hadi machozi, maana kwa mara ya kwanza kitu changu kilikuwa na jina ambalo si uvivu.

Kasoro ni moja. Hakuniuliza kuhusu siku zangu nzuri, na mimi sikumwambia. Ningemwambia nini? Nani anakwenda hospitali akasema, dokta, mwaka juzi nilikuwa na furaha sana wiki nzima?

Wiki ya tatu ya vidonge niliamka saa tisa usiku nimepona.

Siyo kwamba nilijisikia nafuu. Nilikuwa nimepona kabisa, nimepona kuliko watu ambao hawajawahi kuugua. Nilideki nyumba, nikapika maandazi, nikaimba. Saa kumi na mbili niko Mwanjelwa nafungua fremu na walinzi bado wamejikunyata kwenye makoti yao. Kila rangi ilikuwa imeoshwa. Wazo moja halijamaliza kukaa, la pili limeshabisha hodi. Nilikuwa naongea na wateja haraka mpaka mama mmoja akaniambia, "Fundi, pumua." Nikacheka. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, na hapa wengi wanachanganya: nikiwa kwenye sonona nakosa usingizi huku nautamani na mchana nimechoka kama nimebeba viazi vya Isyonje mgongoni. Kipindi hiki sikuwa nakosa usingizi, sikuwa nauhitaji. Ni vitu viwili tofauti, na kama ungeniomba swali moja tu la kutofautisha pande mbili za ugonjwa huu, ningekupa hilo.

Ndipo wakaja kwaya.

Watu 34, wanawake 21 na wanaume 13, wanataka sare za Pasaka. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 21 Aprili na wao walikuja wiki tatu kabla. Fundi mwenye akili anakataa au anagawana kazi na wenzake. Mimi nilisema zitakuwa tayari kwa wiki mbili. Mwalimu wao alileta kitambaa cha kijani na picha ya mshono, gauni la kawaida, kola ya maziwa. Nikaitazama ile picha nikaihurumia. Usiku wa pili, peke yangu na taa, nikakata magauni yote 21 kwa mshono wangu, mikono mipana kama kengele na kipande cha kuning'inia begani. Sikumpigia mtu simu. Sikuona haja, maana nilijua watakapoona watalia kwa furaha.

Mikono mipana inakula kitambaa. Nilipofika kwenye mashati ya wanaume jora limekwisha, na watu tisa hawana sare. Nikaenda kwenye kikoba nikakopa 1,800,000. Walinipa, nilikuwa mwanachama mzuri, na siku zile nilikuwa naongea kwa namna ambayo hata wewe ungenipa. Nikanunua kijani kingine, nikanunua cherehani mbili na ovaloki, nikalipia fremu ya pili miezi sita. Vile vijani viwili dukani vilifanana. Juani kimoja kilikuwa majani ya chai ya Katumba na kingine parachichi lililopitiliza.

Kwaya iliimba Pasaka na rangi mbili na mabega yanayopepea. Mimi sikwenda. Ijumaa Kuu nilikuwa nimeanza kuanguka.

Sitaeleza sana miezi mitatu iliyofuata. Nitasema tu kwamba haikuwa sonona ile ya mkono uliosimama. Mwili ulikuwa bado unakimbia na kichwa kinakimbia, lakini kila kitu kilichokuwa kinaimba sasa kinatukana. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba usiku nikihesabu deni, na nikafika mahali pa kuamini watoto watakuwa salama zaidi nisipokuwepo. Wataalamu wanaiita hali mchanganyiko, na ni ya hatari kwa sababu mtu ana kiza cha sonona na ana nguvu za mania, yaani ule upande wa juu uliopitiliza, kwa wakati mmoja. Usiku mmoja nilimpigia dada nikamwambia hayo hayo maneno, bila kuyapamba. Hakunihubiria. Alisema, "Usikate simu." Akaongea na mimi hadi bodaboda ilipomfikisha mlangoni, na akalala chumbani kwangu siku kumi na moja. Kama unasoma hapa na mawazo hayo unayo, mwambie mtu leo, kwa maneno yaleyale yaliyomo kichwani. Ukisema "najisikia vibaya tu" watakuletea panado.

Agosti nikafika kliniki ya afya ya akili. Shangazi alikuwa ameshatangaza kwamba napelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kana kwamba nchi nzima kuna mlango mmoja tu na uko Dodoma. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni benchi, foleni, na daktari kijana mwenye kikohozi. Aliuliza maswali yaleyale ya sonona, halafu akauliza, "Mama, kuna vipindi vya nyuma ulikuwa na nguvu kupita kawaida yako?"

Nikasema hapana. Nikaona ni kweli kabisa. Dada, aliyekaa pembeni, akasema, "Daftari lake linasema ndiyo."

Nashika oda zangu kwenye madaftari makubwa ya kaunta tangu 2009. Jina, namba ya simu, kifua, kiuno, nyonga, urefu, advansi, baki, siku ya kuchukua. Dada alikuwa amebeba manne kwenye kikapu cha sokoni, nami sikujua. Dokta akayafungua mezani, akasahau foleni. Kuna kurasa za 2012 na 2016 ambazo ni nyeupe wiki hadi wiki, au jina limeandikwa bila vipimo. Nilizijua hizo. Nisizozijua ni zile nyingine. Septemba 2014, siku tisa mfululizo, oda 61. Mwandiko wangu wa kawaida ni mdogo, unakaa kwenye mstari. Siku zile umekuwa mkubwa, umelala mbele, umeruka mistari, pembeni nimechora mishono na kuandika mahesabu ya kiwanda. Kiwanda! 2017 tena, wiki moja hivi. Nakumbuka nyakati hizo. Nilikuwa nazikumbuka kama ndizo mimi halisi, na siku nyingine zote kama nimepungukiwa.

Dokta alisema, "Huzuni umeipeleka hospitali mara nyingi. Furaha hukuwahi kuileta."

Akachora mstari nyuma ya karatasi, mimi nikatoa futi ya kupimia shingoni (sijui kwa nini huwa natembea nayo) nikaiweka mezani, akacheka akaitumia. Mwanzo wa futi, alisema, ni sonona peke yake: wiki mbili au zaidi za kiza, bila upande wa pili kabisa. Mwisho kule ni baipola ya kwanza, ambapo mtu amepata mania kamili, wiki nzima au zaidi, au ya kulazwa, na wengine husikia sauti au kujiona mteule wa Mungu. Katikati kuna baipola ya pili: sonona nzito, na haipomania, yaani mania ndogo ya siku nne na kuendelea, ambayo watu wanaiona lakini haikuvunji. Kuna na wale wa kupanda na kushuka kidogokidogo miaka miwili na zaidi bila kufika popote, nao wana jina lao, saiklothimia. Nikamuuliza mimi niko sentimita ya ngapi. Akasema kwa daftari hili ni ya pili, ila Pasaka ilisogea karibu na mwisho, na hatutagombania droo ya kukuweka, tunagombania usirudi kule.

Kuhusu ile amitriptilini, akaeleza kwamba dawa ya kuinua ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola inaweza kumrusha juu. Siyo kila mtu, lakini inatokea, ndiyo maana kabla ya kuandika huulizwa za juu. Narudia, simlaumu yule wa kwanza. Alitibu nilichomwambia.

Baadaye nikisoma kwenye simu nilikuta habari ya daktari Mjerumani, Emil Kraepelin, aliyeweka sonona na mania kwenye ugonjwa mmoja mwaka 1899. Kilichonifurahisha ni jinsi alivyofanya kazi: alikuwa anawaandikia wagonjwa wake kadi, akifuatilia ugonjwa wa kila mmoja unavyokwenda miaka na miaka, badala ya kuangalia alivyo siku aliyoletwa. Kumbe alikuwa na daftari la oda.

Sasa dawa. Aliniambia ya zamani na yenye sifa ni lithiamu, chumvi tu ya asili, ambayo daktari wa Australia, John Cade, alionyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza mania. Lakini kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana, inabidi damu ipimwe mara kwa mara, na figo na tezi ya shingo ziangaliwe. Ukiharisha au kukosa maji inapanda mwilini. Ukimeza diklofenaki, ile ya maumivu, inapanda. Hapo akaniangalia. Mgongo wa fundi unakula diklofenaki kama pipi, na mimi sikuficha. Akaniandikia kabamazepini badala yake, akanionya kwamba wiki za mwanzo nikiona vipele nisisubiri tarehe ya kliniki, nirudi siku hiyohiyo.

Nesi wa pale ndiye aliyeniokoa na jambo lingine. Alisoma karatasi akauliza, "Dada, unatumia njia gani ya uzazi?" Nikasema kijiti. Akasema kabamazepini inapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge, utashangaa una mimba. Nikahamia kitanzi cha shaba. Laiti ningekutana na mtu mwingine siku ile, leo ningekuwa na mtoto wa nne na hadithi ndefu zaidi.

Kisa cha kuchekesha ni duka la dawa. Kabamazepini ni dawa ya kifafa pia, na muuzaji ni jirani. Haukupita mwezi mtaa mzima unajua nina kifafa. Wateja wakaanza kunionea huruma, mmoja akanikataza kukaa karibu na pasi. Nilitaka kusahihisha, halafu nikafikiri: niseme nini? Kifafa wanakijua. Nikisema baipola watauliza ndiyo nini, nikieleza watasema "aa, kichaa". Nikawaacha na kifafa chao karibu miaka miwili. Sijivunii, kwa sababu wenye kifafa nao wana mzigo wao, nami nilijificha chini ya mzigo huo.

Dawa haikunifanya mwingine. Mwanzoni ilinipa kizunguzungu na usingizi mzito, nikaona mawazo yanakuja kwa foleni, moja moja, kama watu wa benki. Nililia kidogo kwa ajili ya Septemba 2014. Hilo watu hawalisemi. Unaombwa uuache wakati mzuri kuliko wote uliowahi kuishi, na usipouacha utakuja na bili. Mara mbili niliacha dawa kimyakimya nikitegemea kwamba nitapata ule mwanga kidogo tu, robo yake. Mara zote mbili nilipata kiza, mwanga haukuja. Mama mkwe aliniombea, na mchungaji wake aliniwekea mikono, na nilipokea yote. Ila siku mtu wa maombi aliponiambia niache vidonge ili imani ionekane, mama mkwe mwenyewe, yule wa malaria iliyojificha, alimjibu, "Mimi namezea presha kila asubuhi na Mungu ananiona." Ndaga, mama, asante.

Tuna makubaliano ndani ya nyumba. Daftari la oda lina safu mpya mwishoni: saa nilizolala. Oda ya zaidi ya pisi kumi siipokei siku inapokuja, namwambia mteja nitampigia baada ya siku mbili, na nalala kwanza. Siku za baridi ninaamka saa ileile, hata kama nitakaa tu jikoni na chai. Baba Neema, mume wangu, ana dalili zake anazoziangalia, na ya kwanza ni kuimba kabla ya jua. Kwenye kikoba, mwenyekiti anajua kwamba nikiomba zaidi ya 300,000 anampigia kwanza mume wangu. Hili la mwisho linaniuma mpaka leo. Deni la Pasaka nililimaliza kulipa 2021, mimi mwenyewe, kwa sindano yangu, na bado mkopo wangu unahitaji sauti ya mwanaume aliyewahi kupoteza shamba kwenye kamari. Nimekubali kwa sababu naliogopa lile jora la kijani kuliko ninavyoichukia hiyo simu. Lakini nimewaambia wote wawili kwamba mwakani tutalizungumza upya.

Kwaya waliniletea tena kazi mwaka jana. Mwalimu mpya, sare nyeupe na nyeusi. Alipoondoka, mama mmoja wa sauti ya kwanza alibaki nyuma akasema polepole kwamba lile gauni la kengele bado analo, analivaa harusini.

Nimeanza kuandika haya saa kumi na nusu alfajiri. Nje ukungu, jogoo wa jirani ameshawika mara mbili. Jana nililala kwa muda wa saa nne na nusu tu na nimeziandika. Inawezekana ni baridi, blanketi moja liko kwenye kamba. Inawezekana ni hili andiko lilinikaa kichwani. Usiku wa leo nikipata tena nne, kesho nampigia dada.